Sehemu ya Dada Makrina

Jumatatu, 3 Novemba 1952

Ghalani tangu asubuhi. Kahawa imeletwa mbichi tena. Nimewarudisha watu watatu wakaianike upya. Mmoja wao kaniambia kwamba siku hizi nimekuwa kama jiwe la mizani, sinyanyuki. Wenzake wakacheka. Nami nikacheka. Nimefika nyumbani ningali na hasira.

Nina miaka arobaini na minane. Kumi na saba kati ya hiyo nimekaa juu ya kigoda kilekile, napima kahawa ya wenzangu. Felista analalamika kwamba usingizini napiga mateke. Mke ana haki ya kulalamika. Nikikaa nataka kusimama, nikisimama sina pa kwenda.

Jumatano, 5 Novemba

Kikao cha ukoo, uani kwangu. Habari ilikuwa ng'ombe wa Krismasi. Uani ni kwangu kwa kuwa mimi ndiye kitinda mimba, nikabaki na kihamba, shamba la urithi la baba, na migomba yake. Lakini kisu ni cha kaka Ludoviko, mkubwa wetu. Yeye ndiye anayegawa, na kila mtu anajua kipande chake tangu enzi za babu.

Nikauliza sehemu ya Makrina.

Makrina ni dada yetu, wa katikati. Kaolewa Kahe, kule chini kwenye joto. Ubavu wake haujakatwa tangu mama azikwe. Hakuja mazishini. Mto ulikuwa umefurika, reli ikaliwa na maji. Ludoviko hakutaka kusikia la mto wala la reli. Kwetu binti asiyekatiwa nyama ni binti asiye na kwao, na hilo hata mtoto analielewa.

Ludoviko hakugomba. Afadhali angegomba. Kauliza kwa upole nani ataipeleka, maana ikitembezwa kwa miguu itafika imeoza. Kisha kasema neno lake: ikiweza kufika kwa Makrina siku ileile ya kuchinja, nzima, atakatiwa kila mwaka. Isipofika, sehemu hiyo ifungwe na asiitaje mtu tena.

Nikasema nitaipeleka kwa baiskeli.

Walicheka sana. Hata Felista, nilimwona, alikuwa amejifunika kanga mdomoni.

Alhamisi, 6 Novemba

Nimeishusha. Ilikuwa imening'inia darini kwenye banda la kukaushia mahindi tangu nilipopewa kazi ya ghala. Moshi umeipaka weusi. Matairi yamepasuka kama visigino vya mkulima. Kuku alikuwa ametaga juu ya keria, mayai manne, kanidonoa mkono.

Zamani nilikuwa tarishi wa misheni. Barua nazipeleka Kahe asubuhi, jioni niko nyumbani Uru nakunywa mbege, pombe yetu ya ndizi. Makrina alikuwa amekwisha kuolewa. Kila nilipopita alinipa maziwa mgando, akaniambia, Kitinda, utakonda. Aliyenibeba mgongoni nilipokuwa mdogo ni yeye, si mama. Mama alikuwa shambani.

Nimeisugua baiskeli kwa majivu hadi jua likazama. Kengele inalia bado.

Jumamosi, 8 Novemba

Moshi mjini, kwa fundi Shabani. Nimeteremka na baiskeli njia nzima nikiikokota kwa pembe za usukani, maana haina breki wala matairi. Watu wa Uru wote walikuwa njiani leo, sijui walipanga.

Shabani tunafahamiana tangu ujana. Kaizunguka baiskeli mara mbili. Kanizunguka mimi mara moja. Akasema baiskeli itapona. Kuhusu mwenyewe, akasema, ng'ombe hazeeki maini. Vijana wake wakaangua kicheko. Nimemwachia.

Jumapili, 16 Novemba

Aibu.

Nilidhani mwili haujasahau. Kupanda nilipanda. Kwenda nilikwenda, kutoka kanisani hadi penye mfereji. Nikageuza kichwa kuwasalimia akina mama waliokuwa wanatoka misa. Nikaingia mferejini, mimi na suti ya Jumapili. Maji ya baridi kutoka juu mlimani. Akina mama wale walinitoa. Mmoja alikuwa amenifundisha katekisimu.

Felista kaanika suti mbele ya nyumba, mahali inapoonekana na kila mpita njia.

Ijumaa, 21 Novemba

Kila siku kabla ya kazi. Giza likianza kuondoka nakuwa barabarani. Makalio yanauma kuliko miguu. Hilo nililisahau kabisa.

Tandiko lililegea, nikalifunga kwa kamba ya mgomba. Mvua imelinyeshea juma zima na halijatikisika. Shabani ana vibati na skrubu zake. Sisi tuna mgomba.

Jumamosi, 29 Novemba

Felista kanikalisha. Baba Deo, kasema, panda treni, ushuke stesheni ya Kahe, utembee kidogo kama watu wazima. Nikamwambia siku ile ya pili ya Krismasi treni haipiti. Ni kweli, nimekwisha kuuliza.

Lakini ukweli mwingine nauandika hapa. Nilipoambiwa haipiti nilifurahi. Ningeambiwa inapita ningekasirika. Kwa hiyo sijui naenda kwa ajili ya Makrina au kwa ajili ya kigoda kile cha ghalani. Jambo hili linanikera. Nimetoka nje, nimezunguka migomba, nimerudi.

Jumamosi, 6 Desemba

Mteremko unanitisha. Zamani haukunitisha. Breki za Shabani zinashika, lakini kwenye tope ringi inapita tu. Nikakumbuka tulivyokuwa tunafanya. Unakata gogo la mgomba, unalifunga nyuma kwa kamba, linaburuta. Linakwenda nawe kama ng'ombe mvivu. Nimefika mjini bila kuanguka, na gogo nimemwachia mwenye mbuzi pale sokoni.

Vijana wa Uru siku hizi wanateremka bila gogo. Na wavunjike.

Jumamosi, 13 Desemba

Nimejaribu bondeni. Nimepita mji, nimepita mashamba ya katani, nimefika pale joto linapokupiga usoni kama umefungua mlango wa jiko. Hapo nikageuka.

Kurudi ndiko kulikoniua. Kutoka mjini kupanda Uru nimesukuma njia yote. Goti la kulia limevimba. Felista kalikanda kwa maji ya chumvi, huku ananitukana taratibu. Nikamuuliza kama anadhani nitafika. Kasema kufika nitafika, swali ni kama nitafika na nyama au nyama itafika na mimi.

Naogopa. Sikumwambia.

Jumatatu, 22 Desemba

Mama mmoja wa jirani hupeleka ndizi Kahe na kurudi na mchele. Nilimpa ujumbe kwa Makrina: siku ya pili ya Krismasi asipike, nakuja na sehemu yake.

Leo karudi na majibu. Makrina kawaambia majirani wote. Amekusanya kuni za kuchomea. Huko wamekuwa wakimwambia kwa miaka kwamba huko mlimani alikotoka walishamfuta, na sasa anawaambia ngojeni muone.

Nilitaka asipike tu. Sikutaka awaambie watu.

Alhamisi, 25 Desemba. Noeli

Misa. Mtori wa ndizi. Watoto wote wamekuja. Mwanangu Deo kajipanga kuiendesha baiskeli yeye kesho. Nimemkatalia kwa ukali hadi mkewe kashtuka. Nimekunywa mbege kidogo sana. Ludoviko kaniangalia nikiweka kata chini.

Ijumaa, 26 Desemba

Nitaandika yote.

Ng'ombe kaangushwa alfajiri. Ludoviko kagawa kama anavyogawa siku zote, mkono wa kushoto, kisu hakisiti. Ilipofika zamu ya Makrina kakata ubavu, mzuri, wenye mafuta. Hakupunja. Kauweka juu ya majani na kunipa mgongo.

Nikaufunga kwa majani mabichi ya mgomba, tabaka tatu. Nikaukaza kwenye keria kwa kamba za mgomba, mafundo manne. Felista kavuta kila fundo kwa mkono wake. Nikafunga gogo nyuma. Nikaondoka umande haujakauka.

Mteremko, vizuri. Mjini nikaliacha gogo. Shabani alikuwa mlangoni kwake, kapiga saluti. Goti likakubali. Kwenye tambarare ya katani nikapata upepo wa nyuma na hapo, niseme kweli, nikawa na miaka ishirini. Niliimba. Sikugeuka nyuma hata mara moja. Kwa nini nigeuke? Kamba ya mgomba sijawahi kuiona ikikatika.

Karibu na stesheni njia ni mashimo matupu. Jua lilikuwa juu ya kichwa. Nikazidi kukanyaga.

Uani kwa Makrina walikuwa wamejaa. Majirani, shemeji zake, watoto. Moto umekwisha kuwa makaa. Makrina kasimama mbele yao na sinia mkononi. Kazeeka. Nikashuka, nikasema shikamoo dada. Akasema marahaba Kitinda, na macho yake yakapita begani kwangu, yakaenda nyuma, kwenye keria.

Nikageuka.

Hakukuwa na kitu. Jani moja limekunjamana, na vipande vya kamba vimekauka kama makapi. Nilipokishika kimoja kilivunjika vidoleni. Huku kwetu mlimani umande unaishika kamba mwaka mzima. Kule jua lilikuwa limeinyonya maji yote. Mtoto wa Kahe angenieleza.

Nilirudi nyuma kutafuta. Nilikanyaga kama mwendawazimu. Nimekuta majani yametawanyika kando ya reli na mbwa wawili. Mmoja kanikoromea.

Niliporudi kwa Makrina watu walikuwa wametawanyika. Mzee mmoja alibaki, kasema pole, kisha kaongeza kwamba mlima ni mbali. Ningependa kumpiga.

Makrina kanipa maji na maziwa mgando. Hakulia. Kaketi karibu nami na kuzungumza kwa sauti ya chini. Kasema, Kitinda, nenda kamwambie Ludoviko nyama imefika, nami nimekula. Nani atajua? Ng'ombe wa mwakani nitakatiwa.

Nikasema sawa.

Kabla sijapanda kaingia ndani na kutoka na kamba ya katani aliyosokota mwenyewe. Kaifunga kwenye keria bila mzigo. Kasema huko kwenu hamlijui jua.

Kutoka Kahe hadi Uru nilikuwa na neno moja tu la kusema na njia yote nililifanyia mazoezi. Imefika. Imefika, kaka. Imefika na kala. Mashamba ya katani yalisikia. Mjini nikashuka, nikaanza kusukuma. Imefika. Goti halikuwa la kwangu tena.

Jua linazama nikaingia uani. Ludoviko alikuwa amekaa kwenye gogo, kata ya mbege mkononi, wajukuu wanamzunguka. Kauliza, imefika?

Nikasema haikufika, imeanguka, mbwa wameila.

Sijui kwa nini. Labda ni kwa sababu alikuwa ameukata ubavu mzuri. Labda nilichoka mno kudanganya. Nikamweleza yote: watu uani, sinia, makaa. Nikamwambia pia kwamba Makrina kanituma niseme imefika. Hilo nalo likatoka.

Ludoviko kaweka kata chini. Kaitazama kamba ya katani kwenye keria. Kasimama, kaenda kwake. Hakuaga mtu.

Basi, imefungwa. Mimi ndiye niliyeifunga, kwa kamba zangu mwenyewe.

Felista kanivua viatu. Kisha kakishusha kipande chake kutoka juu ya meko, kidari, sehemu ya mke wa nyumba hii. Moshi umeanza kukikausha. Kasema: miaka ishirini na tatu nimekula nyama ya mji huu, mwaka huu nitakula ndizi. Kesho mpelekee wifi yangu.

Nikamwambia siku imepita, sharti lilikuwa leo. Kasema, sharti ni la Ludoviko, nyama ni yangu mimi. Kuvunjika kwa koleo si mwisho wa uhunzi, kasema. Nimelia. Naandika kwamba nimelia.

Jumamosi, 27 Desemba

Asubuhi, ukungu. Nimetoka na kidari kimefungwa kwa katani. Baiskeli ilikuwa imeegemea ukuta nilipoiacha.

Kwenye usukani kulikuwa na jani la isale. Bichi, lina kijiti chake, limepigwa fundo katikati.

Nilisimama hapo. Isale tunalipanda mipakani na kwenye makaburi ya wazee, na likipigwa fundo likapelekwa kwa mtu maana yake ni moja: nimekosa, nisamehe. Anayepelekewa hawezi kulikataa. Limewekwa kwenye baiskeli, si mlangoni kwangu; basi ni la Makrina. Sijawahi kusikia mkubwa akilipeleka kwa mdogo wake, tena mwanamke. Ludoviko ni Ludoviko.

Nilitazama upande wa kwake. Moshi wa jikoni tu. Sikwenda kumwuliza. Nikaondoka.

Safari hii sikuimba. Niligeuka nyuma kila nilipofika kwenye jiwe au mti. Nyama ipo. Nikitazama mbele, isale lipo. Shingo inauma leo kuliko goti. Kwenye joto la katani nilishuka, nikalichovya jani kwenye mfereji wa shamba la watu, nikaendelea.

Makrina alikuwa anapepeta mchele. Peke yake. Hakunitegemea.

Nikaanza kufungua nyama. Akasema iache. Kaenda mbele ya baiskeli. Hakuligusa isale kwanza, aliinama akalitazama fundo. Ludoviko hutumia kushoto. Mafundo yake hulala upande ambao ya watu wengine hayalali. Alitufungia mizigo ya majani ya ng'ombe utotoni, mimi na Makrina, tunayajua.

Dada yangu kakaa chini mavumbini, na mchele umemwagika, kuku wakaja. Kalia kwa sauti. Majirani wakatoka kutazama nani amekufa.

Baadaye moto ukakokwa. Kidari kile kakikata vipande vidogo vidogo, kila nyumba iliyokuja jana ikapelekewa, hata ya mzee yule wa mlima ni mbali. Yeye mwenyewe kabaki na mfupa na mchuzi. Nilikasirika kidogo. Nikamwambia mke wangu amejinyima. Akasema mwambie wifi nimekula kwa midomo ya watu wote hawa, na nimeshiba.

Isale kalitia kwenye mtungi wa maji, kivulini.

Alhamisi, 1 Januari 1953

Ghala limefungwa. Mwili wote unauma, hata kucha. Nimelala hadi jua likapanda, kitu ambacho sijakifanya tangu nioe. Felista anasema sikupiga mateke.

Nilimpelekea Ludoviko habari Jumapili ile. Nilimwambia tu, Makrina anakusalimu, na amelipokea. Alikuwa anapogoa kahawa. Kasema haya. Kaendelea kupogoa mti uleule, nadhani hakuacha hata tawi moja.

Jumapili, 18 Januari

Mama wa ndizi karudi kutoka Kahe. Makrina anasema isale limetoa mizizi. Amelihamishia ardhini, nyuma ya mtungi, mahali maji yanapomwagika. Wa Kahe wanamwuliza ni mboga gani.

Nimepita kwa Shabani kuongeza upepo. Kauliza safari inayofuata ni lini. Nikasema mimi mtu mzima, nina kazi. Nikapanda Uru kwa kusukuma, isipokuwa pale kanisani penye tambarare. Pale nilipanda. Akina mama walikuwepo. Sikugeuza kichwa.

Jumapili, 25 Januari

Mvua kidogo asubuhi, kisha mlima ukafunguka wote.

Baada ya misa Ludoviko kaja uani. Hakukaa. Kaizunguka baiskeli. Kashika keria kwa mikono miwili, kaibonyeza chini kwa uzito wake. Kauliza kama inabeba mtu mzima.

Nikasema inabeba.

Kauliza kuhusu mteremko. Nikamweleza habari ya gogo. Kasikiliza kama mwanafunzi. Kasema Jumapili ijayo, basi, kabla ya jua kali, na kaenda zake.

Ni mzito, Ludoviko. Jioni nimeingia kwenye migomba, nimekata gogo kubwa zaidi.